Neno Liendalo kwa Miguu ya Wengine: Uhakiki wa Sanaa ya Kampeni za Uchaguzi

Wahakiki wetu wameandika mengi juu ya riwaya, tamthilia na ushairi. Wameandika pia juu ya ngano, vitendawili na nyimbo za kazi. Lakini iko fani moja ambayo kila raia ameisikia, na pengine ameiimba au ameipeleka kwa jirani yake, ila ni mara chache sana imewekwa mezani na kupimwa kama kazi ya sanaa. Fani hiyo ni neno la kampeni: kaulimbiu, wimbo, kijembe au picha inayotungwa ili mgombea achaguliwe au mpinzani wake akataliwe. Katika makala haya tunakusudia kuipima fani hiyo kwa mizani ile ile tunayoitumia darasani kupimia mashairi, yaani fani na maudhui. Kisha tutauliza swali la tatu ambalo mashairi ya vitabuni hayatulazimishi kuliuliza: mwenye neno ni nani, na je, anaweza kujibiwa?

Hatuzungumzii hotuba ya jukwaani. Hotuba ina msemaji wake, mahali pake na saa yake. Tunazungumzia neno ambalo likishatoka kwa mtungaji huendelea na safari kwa miguu ya wengine, kila alipokeaye akawa ndiye alipelekaye mbele. Wafanyabiashara wa Marekani waliipa mbinu hii jina litokanalo na virusi vya maradhi, kwa sababu kila aliyeambukizwa huambukiza wenzake. Mfano wao mashuhuri ni wa kampuni ya Hotmail, iliyoanza mwaka 1996 kutoa huduma ya barua pepe bila malipo. Chini ya kila barua iliyopelekwa na mteja, kampuni iliweka mstari mmoja wa kumwalika mpokeaji naye ajiunge. Kila mteja akawa mpiga mbiu asiyelipwa, na katika muda wa mwaka mmoja na nusu hivi wateja walifikia milioni 12. Tangu hapo mbinu hiyo imeingia katika kampeni za uchaguzi za nchi nyingi, na zetu zikiwamo.

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtu akiichukua methali hii juu juu atasema kwamba wimbo wa kampeni ulioenea nchi nzima kwa wiki mbili ni wimbo mwema, maana umejiuza. Sisi tunaona vingine. Neno la kampeni halijiuzi wala halijitembezi. Sisi wananchi ndio tunaolitembeza. Kwa hiyo kasi yake inatueleza kitu juu ya ufundi wa mtungaji, na kitu juu ya sisi wachukuzi, lakini haituelezi lolote juu ya ukweli wa mzigo.

Asili yake

Wapo wadhanio kwamba jambo hili limeletwa na simu na intaneti. Hivyo sivyo. Katika Mombasa ya mwanzo wa karne ya 19, wakati Wamazrui waliposhindana na Seyyid Said wa Omani, Muyaka bin Haji aliuingiza ushairi katika mambo ya mji: vita, biashara, mapenzi na siasa. Beti zake zilishikwa na watu kwa moyo. Ndiyo sababu Mwalimu Sikujua aliweza kuzikusanya miaka mingi baada ya mtunzi mwenyewe kufariki. Hakuna mtambo wa chapa uliozibeba muda huo wote. Zilibebwa na midomo.

Katika Tanganyika, chama cha TANU kilipoundwa Julai 1954 hakikuwa na redio. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba katika mji wa Dar es Salaam, alipewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama. Hakuanza kwa kupiga mbiu barabarani. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, vikiwamo vya lelemama. Kila kikundi kilikuwa na wanachama wake, sare zake na siku zake za kukutana. Neno la siasa likaingia katika mifereji iliyokwisha kuchimbwa zamani kwa ajili ya arusi na furaha. Mwanamke aliyelisikia ngomani alilifikisha sokoni na nyumbani. Hakulipwa kwa kazi hiyo, lakini alimjua aliyempa neno, na yule aliyemfikishia alimjua yeye.

Mfano wa tatu ni wa Lamu. Wakati wa uchaguzi wa bunge la Kenya wa 1974, na marudio yake ya 1975, washairi wa pande mbili zilizoshindana walitunga tungo zilizokuja kujulikana kwa jina la Kimondo. Tungo hizo zilirekodiwa katika kanda za kaseti, zikanakiliwa na kusikilizwa. Kaseti ndiyo ilikuwa mashine mpya ya siku hizo, na bila shaka iliongeza mwendo wa neno. Hata hivyo haikuiondoa sheria ya zamani ya washairi wa pwani, kwamba shairi hujibiwa kwa shairi. Aliyerushiwa kijembe alikuwa na njia ya kukirudisha, na ilimpasa akirudishe kwa ufundi usiopungua ule wa aliyekirusha. Msikilizaji aliyepata kanda ya upande mmoja alijua kwamba kanda ya pili i njiani. Tunaomba msomaji aushike mfano huu, maana tutautumia kuwa kipimo cha mambo yatakayofuata.

Fani yake

Ni nini basi kinacholifanya neno moja liende na jingine lisiende? Uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2002 unatupa mifano miwili mizuri. Chama cha KANU kilikuwa kimetawala tangu uhuru wa 1963. Wapinzani waliungana chini ya muungano wa NARC, na nyimbo mbili zikawatangulia kila walikokwenda.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kanisani, wenye maana kwamba kwa imani hakuna lisilowezekana. Watu waliubadilisha mwisho wake, wakasema kwamba mambo yatawezekana pasipo Rais Moi. Ufundi wake ni wa kuazima. Sauti ya wimbo ilikuwa tayari imo vinywani mwa maelfu, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumfundisha mtu lahani. Tena, pamoja na lahani, wimbo uliazima heshima ya ibada, na aliyeuimba alijiona anatangaza tumaini kuliko kumtukana mtawala.

Wimbo wa pili ni "Unbwogable", kazi ya vijana wawili wa Nairobi waliojulikana kwa jina la Gidi Gidi Maji Maji. Neno hilo lina kiini cha Kijaluo chenye maana ya kutisha, kikavikwa kiambishi cha Kiingereza mbele na kingine nyuma, maana yake ikawa mtu asiyetishika. Wimbo haukutungwa kwa ajili ya NARC. Ulihusu hasa shida za wasanii wenyewe na ukaidi wao mbele ya maisha. Sehemu kubwa yake ni ya Kijaluo, na wengi walioupigia kelele mikutanoni hawakuielewa. Lakini neno moja walilielewa, wakalichukua. Hapa tunaona jambo la msingi katika fani hii: kinachosafiri aghalabu si utungo mzima. Safari hupukutisha majani na matawi, kikabaki kijiti kimoja kinachoweza kushikwa na kila mkono.

Katika Tanzania tuna kaulimbiu ya "Hapa Kazi Tu", iliyotumiwa na Chama cha Mapinduzi na mgombea wake John Magufuli mwaka 2015. Ni maneno matatu. Hayana kitenzi, hayana mtenda, hayana wakati. "Hapa" ni wapi? Ofisini, shambani, Ikulu, au nchini kote? Kila msikilizaji hupajaza mwenyewe. "Kazi" ni neno ambalo hakuna awezaye kulipinga bila kuonekana mvivu. Mgombea mwenyewe alipopiga pushapu jukwaani, picha zake zilienea kwa kasi, kwa kuwa mwili ulikuwa umeifasiri kaulimbiu bila kuongeza neno hata moja.

Upande wa pili, muungano wa UKAWA ulikuwa na neno "Mabadiliko". Lilipangwa kwa mtindo wa kiitikio: kiongozi alitaja jina la mgombea, Edward Lowassa, umati ukajibu kwa neno hilo, kisha kiongozi akalitaja neno, umati ukajibu kwa jina. Kwa kupinduliwa hivyo mara nyingi, jina na neno vilikuwa kitu kimoja masikioni mwa watu. Huu ni ufundi wa ngoma, na ulifanya kazi yake vizuri.

Ukizitazama kazi hizi zote utaona zinashirikiana katika sifa moja. Zina pengo. Mtungaji ameacha nafasi kwa makusudi ili mpokeaji aijaze kwa haja yake. Jina la kanga hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo: maandishi hayamtaji anayeambiwa, na mvaaji ndiye ajuaye anamwambia nani. Mtu hupenda kulipeleka neno alilolijaza mwenyewe, kwa sababu amekwisha kuliona ni lake.

Kilichobaki nyuma

Tukitoka katika fani na kuingia katika maudhui, pengo lile lile lililokuwa uzuri linaanza kututia wasiwasi. Yatupasa kuuliza ni nini kilichoachwa nje.

Nyuma ya nyimbo za NARC palikuwa na mkataba wa maelewano uliotiwa saini Oktoba 2002 baina ya makundi mawili makubwa ya muungano, juu ya namna ya kugawana madaraka. Mkataba huo ndio uliokuwa mzigo wenyewe. Wimbo ulifika kila kijiji. Mkataba haukuimbwa na mtu. Mwai Kibaki alipoapishwa tarehe 30 Desemba 2002, waliokuwa wakiimba hawakuwa na maneno ya kumkumbusha aliyoahidiana na wenzake. Ugomvi juu ya mkataba huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyouvunja muungano, hata katika kura ya maoni juu ya katiba, Novemba 2005, wenzi wa jana wakawa pande mbili, hawa na alama ya ndizi na wale na alama ya chungwa. Nyimbo za 2002 hazikusema uongo. Hazikusema neno lolote linaloweza kumfunga mtu.

"Mabadiliko" nayo ni nomino isiyotaja yanatoka wapi wala yanakwenda wapi. Edward Lowassa alikuwa Waziri Mkuu wa serikali ya CCM tangu Desemba 2005 hadi Februari 2008, na alihamia upinzani Julai 2015, miezi mitatu kabla ya kura. Inawezekana mtu wa namna hiyo akaleta mabadiliko. Lakini hilo lilikuwa swali la kuulizwa na kujibiwa, na kiitikio hakikuacha pumzi ya kuliuliza.

Katika "Hapa Kazi Tu", uzito wote umo katika silabi ya mwisho. "Tu" hufunga mlango. Husema kwamba penye kazi hapana kingine, na msikilizaji wa 2015, aliyechoshwa na uzembe wa maofisini, aliielewa kuwa imefungiwa wazembe. Mgombea huyo alishinda kwa asilimia 58.46 ya kura, mwenzake akapata asilimia 39.97. Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama vya siasa ilizuiliwa, na hoja mojawapo iliyotolewa ni kwamba wakati wa siasa umekwisha, sasa ni wakati wa kazi. Zuio hilo liliondolewa Januari 2023. Hatudai kwamba silabi moja ndiyo iliyoleta zuio. Tunasema kwamba mhakiki aliyezoea kuuliza kila neno linafungia nje nini angeweza kuuliza mapema kama mabishano ya raia nayo yanahesabiwa kuwa kazi, au yamo katika yale yaliyofungiwa na "tu".

Neno lisilo na mwenyewe

Mpaka hapa tumezungumzia maneno ambayo wenyewe wanajulikana. Hata kama yana mapengo, mwananchi ajua aende mlango gani kuuliza. Hatari kubwa inaanza pale neno lipotezapo mwenyewe.

Baada ya matokeo ya urais ya Kenya kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, machafuko yalizuka yakaendelea hadi Februari 2008. Tume ya Waki, iliyoyachunguza, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Sababu zake zilikuwa za muda mrefu: ardhi, umaskini, ukabila wa wanasiasa, na kura iliyobishaniwa. Lakini katika siku hizo simu zilijaa ujumbe mfupi wa kuchochea kabila dhidi ya kabila, mwingi wake hauna jina la mtungaji. Ulipokelewa kutoka kwa ndugu au rafiki, na kwa hiyo uliaminiwa. Hapa ndipo tuonapo tofauti na wanawake wa lelemama. Wao walimjua mtoa neno na walikuwa tayari kuulizwa. Mpeleka ujumbe wa 2008 alitoa uaminifu wake kwa neno ambalo hata yeye hakujua limetoka kwa nani. Akawa hamali aliyebebeshwa gunia lililoshonwa, akaligawa kwa wanawe.

Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017, filamu fupi ya kama dakika moja na nusu ilienea katika intaneti huko huko Kenya. Ilionyesha nchi ya 2020 ikiwa imeharibika kwa njaa, maradhi na fujo chini ya uongozi wa Raila Odinga. Haikuwa na jina la mtengenezaji. Desemba 2017 shirika la Privacy International lilieleza kwamba kazi hiyo ilitengenezwa na Harris Media, kampuni ya matangazo ya Texas, Marekani, ambayo pia ilitengeneza matangazo ya kumsifu mpinzani wake, Rais Uhuru Kenyatta. Ukweli huo ulitoka kura zikiwa zimekwisha kupigwa.

Tuipime filamu hiyo kwa kipimo cha Lamu. Kimondo kilikuwa na kejeli kali, na kejeli si kosa. Ushairi wetu umeishi kwayo. Lakini Kimondo kilitungwa na watu wa mji ule ule, kwa lugha ya mji, mbele ya hadhira iliyojua nani ni nani, na mlango wa jibu uliachwa wazi. Filamu ya 2017 ilitengenezwa na wasioishi na matokeo yake, ikamfikia kila mtu peke yake katika kioo cha simu, na aliyetaka kuijibu hakuwa na wa kumjibu. Kwa mizani ya utamaduni wetu, kazi hiyo ina upungufu wa sanaa kabla haijawa na upungufu wa sheria. Ni nusu ya majibizano iliyojidai kuwa nzima. Sasa ambapo akili mnemba inaweza kughushi sauti na sura ya mtu yeyote, hata jina lililotiwa chini ya neno halitoshi tena kuwa ushahidi wa mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni sheria. Sheria zipo. Kenya iliunda kwa sheria ya 2008 tume ya taifa ya utangamano, na Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Hatuzidharau. Lakini sheria humfuata aliyesema, nayo hufika baada ya neno kufika. Tena sheria inayoogopa kila neno lienealo yaweza kumnyamazisha Muyaka pamoja na mchochezi. Anayeweza kulisimamisha neno baya kabla halijaondoka ni yule mmoja aliyelipokea na ambaye bado hajalipeleka.

Kazi ya darasa

Huyo mmoja, mara nyingi, ni mwanafunzi wetu. Atapiga kura baada ya mwaka mmoja au mitatu, na simu anayo tayari, au anaazima ya kaka yake. Kwa hiyo tunapendekeza kwa walimu wenzetu kwamba neno la kampeni liingie darasani kama utungo mwingine wowote, bila kushabikia chama. Mwalimu aandike ubaoni kaulimbiu mbili za vyama vinavyoshindana. Wanafunzi waeleze lahani imeazimwa wapi, neno gani limebeba uzito, na pengo liko wapi. Kisha waulize: ni ahadi gani ambayo msemaji akiivunja tutaweza kumwonyesha kwa maneno yake mwenyewe? Kama haipo, waiandike wao walivyodhani wameisikia, wailinganishe na walivyodhani wenzao. Darasa la watu 40 litapata ahadi 40, na hapo somo litakuwa limejifundisha.

Zoezi la pili ni la kujibu. Mwanafunzi apewe kijembe cha upande mmoja, akijibu kwa ubeti wenye vina na mizani, asitukane, na aweke jina lake chini. Kutunga jibu kunamlazimu mtu kulisikiliza neno la mwenzake mpaka mwisho, jambo ambalo kulipeleka mbele hakumlazimishi. Kuweka jina kunamlazimu asimame karibu na alichokisema.

Hatuwaombi vijana waache kuimba. Taifa lisiloimba wakati wa uchaguzi limekwisha kukata tamaa. Tunawaomba warudishe ile sheria ya washairi wa Lamu, ambayo kaseti haikuweza kuiua: kwamba neno lipokelewalo lina mwenyewe, na mwenyewe anadaiwa jibu.